Bustani ya kipupwe nyuma ya nyumba: mwongozo kamili kwa wakazi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Kila ikifika Julai naletewa malalamiko yaleyale. Chainizi zimegoma, hazikui wala hazifi. Kabichi zina majani ya zambarau. Karoti zilizosiwa mwishoni mwa Mei bado nyembamba kama njiti ya kiberiti. Nyanya zimeungua zote kwa siku tatu. Na mwenye bustani anaapa kwamba alimwagilia, aliweka samadi, hata dawa alipuliza.

Mara nyingi anasema kweli. Kosa lake ni tarehe. Alisubiri mvua ikatike ndipo ashike jembe, wakati bustani ya kipupwe huku juu hupandwa mvua zikiwa bado zinanyesha. Mmea unatakiwa uingie Juni ukiwa umeshika ardhi, una mizizi na majani ya kutosha. Kuanzia hapo hadi katikati ya Agosti hautakua sana, utakuwa unavumilia tu, na wewe utakuwa unachuma.

Tarehe ninazotoa ni za Mbeya mjini, Uyole, Mbalizi, Iringa mjini, Mafinga, Makambako na Njombe. Wa Tukuyu, ambako mvua haziishi Aprili, cheleweni kupandikiza kwa wiki mbili hivi. Kyela na Usangu ni joto, mambo yao ni mengine.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Hesabu hizi ni za vitanda vitatu vya mita 1 kwa mita 3.

- Jembe, reki na kamba ya kunyooshea mistari
- Samadi iliyooza vizuri, debe 6 (debe 2 kwa kila kitanda)
- Majivu ya jikoni, kopo kubwa moja
- Mbegu ambazo tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye pakiti haijapita
- Keni ya kumwagilia yenye kichwa cha matundu, au kopo ulilolitoboa mwenyewe kwa msumari
- Ndoo ya lita 20 na pipa la kuhifadhia maji
- Matandazo: nyasi kavu, makapi ya maharage au mabua ya mahindi, viroba 6 vilivyoshindiliwa
- Viroba vitupu au mashuka ya zamani ya kufunikia usiku wa baridi kali
- Fito nyembamba kama 20
- Kigoda au benchi. Usicheke, tutafika huko

Samadi ndiyo inayowakwamisha wengi. Ipenyeze mkono katikati ya lundo: ikiwa na joto, au harufu ya mkojo ikikupanda puani, haijawa tayari. Iliyoiva ni nyeusi, inamomonyoka, na inanuka kama udongo wa msituni baada ya mvua. Ya kuku ni kali zaidi, hivyo nusu debe kwa kitanda inatosha, nayo iwe imekaa miezi kadhaa.

## 1. Tafuta jua la Juni (wiki ya mwisho ya Machi)

Hapa ndipo bustani nyingi hufia, kabla hata ya mbegu kununuliwa.

Mwezi Machi jua la saa sita mchana liko karibu utosini, kwa hiyo kila kona ya uwanja inaonekana ina mwanga. Baada ya hapo jua linahamia kaskazini. Ikifika Juni limeinama kiasi kwamba ukuta wa mita 3 hapa Mbeya hutupa kivuli cha karibu mita 2 upande wa kusini, na hiyo ni saa sita mchana. Asubuhi na jioni vivuli ni virefu zaidi.

Mwaka wa kwanza nilipohamia Isyesye nilipanda kabichi 40 upande wa kusini wa uzio wa matofali. Palikuwa pazuri sana mwezi Aprili. Julai zilikuwa na ukubwa wa kikombe cha chai. Mama wa nyumba ya jirani aliniamkia juu ya uzio asubuhi moja, akazitazama, akaniuliza, "Mwanangu, hizo umeziweka kwenye friji?"

Fanya hivi. Simama asubuhi ukitazama jua linapochomoza. Mkono wako wa kushoto ndio kaskazini. Kwa kila mita 1 ya urefu wa ukuta, nyumba au ua wa miti, pima sentimita 65 kuelekea kusini, kisha ongeza nusu mita. Choma kijiti. Kati ya kijiti na ukuta usiweke mboga. Hapo ni pa lundo la mboji au pipa la maji.

Upande wa kaskazini wa ukuta ni dhahabu. Tofali hunywa joto mchana na kulitoa polepole usiku.

Angalizo. Baridi hutiririka kama maji, hutafuta bondeni. Kama uwanja wako una mteremko na umejenga uzio mzima upande wa chini, hewa baridi itajikusanya hapo usiku kucha. Vitanda vikae upande wa juu, au acha uwazi kwenye uzio ili ipite.

## 2. Hesabu maji kwanza, halafu vitanda

Aprili kila mtu ni mkulima, maana mvua inafanya kazi ya bure. Mtu analima vitanda kumi. Julai mvua hakuna, mgawo wa maji umeanza, na watoto wanabeba ndoo kutoka kwa jirani.

Hesabu ninayotumia: kila mita moja ya mraba inataka lita 4 hivi kwa siku katika kipupwe. Kitanda cha mita 1 kwa 3 ni lita 12. Ukiweka matandazo, ndoo moja ya lita 20 kila siku ya pili inatosha.

Kwa hiyo vitanda vitatu ni ndoo tatu kila siku ya pili, na vitanda vitano ni ndoo tano. Jiulize maji hayo yatatoka wapi siku ambayo bomba limekauka. Jibu lako ndilo idadi ya vitanda vyako. Familia ya watu watano inakula mboga za kutosha kwenye vitanda vitatu vilivyotunzwa, na inakonda kwenye kumi vilivyokauka.

## 3. Chagua mboga zinazopenda baridi

Panda kwa moyo mkunjufu: sukuma wiki, kabichi, spinachi, karoti, bitiruti, vitunguu maji, vitunguu saumu, liki, njegere, saladi na giligilani. Sukuma wiki hasa huwa tamu zaidi baridi ikiipiga, kwa sababu mmea huongeza sukari kwenye majani ili usigande. Mtu aliyezoea ya Dar es Salaam akionja ya Njombe mwezi Julai ataomba mbegu.

Panda kwa akili: chainizi. Ikisiwa mapema Aprili inakupa majani hadi Juni. Ikisiwa Juni, baridi inaisukuma itoe maua ikiwa bado changa, unabaki na kikonyo na vichwa vya njano.

Acha kabisa hadi joto lirudi: mchicha, bamia, matango, bilinganya, matembele, na maharage kama unaishi sehemu zinazopigwa na sakitu, ile barafu ya usiku.

Na nyanya. Najua. Lakini umande unaolala kwenye majani pamoja na ubaridi ndiyo karamu ya baka jani chelewa, ule ugonjwa unaoanza na madoa kama yaliyomwagiwa maji ya moto na kumaliza shamba ndani ya wiki. Mkulima mwenye pampu na ratiba ya dawa anaweza kupambana nao. Wewe mwenye kitanda kimoja unataka kula, si kupuliza. Kama huwezi kujizuia, weka miche miwili chini ya upenu wa kaskazini, mahali umande haufiki. Pakiti iliyobaki ifunge vizuri, iweke kabatini pakavu. Tutaikumbuka.

## 4. Pima mbegu, ndipo usie kitalu (Aprili 1 hadi 10)

Chukua mbegu 10 kutoka kila pakiti, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, weka juu ya kabati la jikoni penye joto. Kitambaa kisikauke. Baada ya siku 5 hadi 7 hesabu zilizoota. Karoti na liki zipe wiki mbili. Zikiota 7 au zaidi, endelea. Zikiota 5, sia mara mbili ya kawaida. Chini ya 4, usipoteze msimu nazo. Mbegu za vitunguu na liki ni kati ya zile zinazozeeka haraka, usinunue za mwaka juzi hata kama zimeshushwa bei.

Kitalu chako kinaweza kuwa nusu mita ya mraba tu, au kreti ya mbao. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya samadi laini na sehemu moja ya mchanga. Kwa walio kwenye ule udongo mwepesi wa Uyole na Isyesye, wenye vijiwe vyeupe vya volkano vinavyoelea ukivitumbukiza majini, mchanga hauhitajiki. Kwa walio kwenye udongo mwekundu wa Iringa unaonata kwenye viatu, usiuache.

Chora mifereji midogo yenye kina cha sentimita 1, ikiachana sentimita 10. Dondosha mbegu mojamoja. Mbegu zilizomwagwa kama chumvi huota kwa kusongamana, hewa haipiti, na kinyaushi kinaangusha miche yote usiku mmoja. Asubuhi unaikuta imelala, shingo imekatika pale inapogusa udongo.

Funika kwa udongo kidogo, weka nyasi juu, mwagilia. Siku unayoona vichwa vya kijani, toa nyasi jioni ileile. Ukichelewa siku mbili miche inarefuka ikitafuta mwanga na haitapona. Kisha jenga kichanja chepesi cha fito na nyasi, urefu wa magoti, kuzuia mvua nzito za Aprili zisiipige.

Wiki ya mwisho kabla ya kupandikiza, punguza maji na toa kichanja. Unaifundisha miche maisha ya nje.

Miche iliyo tayari ina wiki 4 hadi 5, ina majani 4 au 5 halisi, na shina lake linakaribia unene wa kalamu ya risasi. Kwa vitunguu na liki subiri wiki 7 au 8, hata kama tarehe ya kupandikiza mboga nyingine itakuwa imepita, au nunua miche, hakuna aibu.

## 5. Tengeneza kitanda chenye mlango (katikati ya Aprili)

Kitanda cha mvua na kitanda cha kiangazi si kimoja. Wakati wa mvua tunainua tuta ili maji yakimbie. Wakati wa kiangazi tunataka maji yabaki. Watu wengi huacha matuta yao ya masika yalivyo, halafu wanashangaa mbona wanamwaga ndoo mbili na udongo wa katikati ni mkavu. Maji yalikimbilia njiani.

Dawa yake ni hii.

Pima mita 1 kwa 3, urefu wa kitanda ukatize mteremko. Lima kina cha jembe zima, toa mizizi ya sangare na ndago kwa mkono, maana ukiikata na jembe unaizidisha. Mwaga debe 2 za samadi na konzi tano za majivu, changanya na udongo wa juu. Sawazisha kwa reki hadi kitanda kiwe bapa kama meza.

Sasa vuta udongo kutoka njiani utengeneze ukingo wa sentimita 10 kuzunguka kitanda chote, kama sinia. Upande wa chini acha uwazi wenye upana wa jembe. Huo ndio mlango. Mvua za Aprili zikizidi, maji yanatoka. Mvua ya mwisho ikipita, unaufunga kwa majembe mawili ya udongo, na kitanda chako kimegeuka cha kiangazi bila kukilima tena.

Kwa nini samadi iwekwe sasa na si Juni? Kwa sababu wanaoivunja ni vijidudu vya udongoni, na vijidudu hivyo hulegea ardhi ikipoa. Samadi ya Juni inalala tu. Vilevile mizizi ya kabichi kwenye ardhi baridi hupata shida kuvuta fosforasi, ndiyo ile zambarau ya majani niliyoitaja mwanzoni.

Umefaulu kama ukimwaga ndoo moja polepole upande wa juu, maji yanatambaa hadi mwisho wa kitanda na kuzama bila kutengeneza dimbwi kona moja. Yakikusanyika mahali, rudi na reki.

## 6. Pandikiza kabla ya Mei 15

Jioni, saa kumi na moja hivi, au siku ya mawingu. Mwagilia kitalu masaa mawili kabla ili miche itoke na udongo wake. Shika mche kwa jani, kamwe usiushike kwa shina. Jani likikatika litaota jingine.

Nafasi: kabichi na sukuma wiki sentimita 45 hadi 60, chainizi, spinachi na saladi 30, liki 15, vitunguu 10. Wenye kitanda kidogo hubana. Usibane. Baridi inapokuwa kali, majani yanayogusana hayakauki umande, na mahali pasipokauka ndipo ukungu unapoanzia.

Mche wa kabichi uzame hadi chini kidogo ya majani ya kwanza. Wa saladi usizame, utaoza moyo. Bonyeza udongo kwa vidole viwili, mwagilia, kisha vuta jani moja kwa upole: likichanika na mche ukabaki, umeushindilia sawasawa. Mche ukifuata mkono, rudia.

Kukiwa na sota, utakuta asubuhi miche imekatwa kama kwa wembe. Chimbua kwa kidole kuzunguka kisiki, kina cha sentimita 3 tu. Utamkuta funza wa kijivu amejikunja kama herufi C, ameshiba. Muue. Kisha vika kila mche kola ya karatasi ngumu, nusu ndani ya udongo, nusu nje.

Njegere hazihitaji kitalu. Panda moja kwa moja mwisho wa Aprili, kina cha sentimita 4, mbegu hadi mbegu sentimita 8, na uchomeke fito siku hiyohiyo. Saumu gawanya punje, ncha juu, nafasi ya sentimita 12. Basi.

## Karoti, kwa sababu ndizo zinazoshinda watu

Sia kabla ya Mei 5, na usipandikize kamwe. Mzizi uliohamishwa hupinda au kugawanyika miguu miwili. Usiweke samadi mbichi, sababu ni hiyohiyo. Kitanda kilicholimwa vizuri kwa mboga nyingine msimu uliopita kinafaa kuliko kipya.

Chora mistari yenye kina cha sentimita 1, ikiachana 20. Changanya mbegu na mchanga mkavu kopo moja ili mkono usimwage nyingi. Funika, gandamiza kwa ubao, mwagilia kwa keni taratibu.

Sasa uvumilivu. Karoti huchukua siku 10 hadi 14, na kama baridi imeanza huenda hadi wiki tatu. Katika siku hizo udongo wa juu ukikauka mara moja tu, mbegu iliyokwisha kufungua mdomo inakufa. Hapa ndipo wengi hukata tamaa siku ya 9, wanalima upya, wanasema duka limewauzia mbegu mbovu. Tandika kiroba kilicholowa juu ya mistari, kiinue kila asubuhi kuchungulia, na kikitoka kijani cha kwanza kiondoe.

Zikifika urefu wa kidole, punguza hadi moja kila sentimita 5. Inauma kung'oa, lakini karoti mbili zinazoshindania shimo moja zitakupa mikia miwili ya panya.

## 7. Funga mlango, tandaza (mvua ya mwisho)

Usisubiri udongo ukauke. Siku mbili tatu baada ya mvua unayohisi ni ya mwisho, ziba mlango wa kitanda, palilia, kisha tandaza matandazo unene wa sentimita 5. Unafungia ndani unyevu wa masika ambao hukuulipia.

Acha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka kila shina, la sivyo konokono na uozo watahamia. Mashine za kukoboa mpunga hutoa maganda mengi. Yanafaa kati ya mistari ya vitunguu na karoti, ambako nyasi ndefu zinasumbua. Majani ya mikaratusi, ambayo Mafinga na Mufindi hayaokotwi bali yanakanyagwa, mimi siyaweki kwenye mboga changa. Na ukiomba nyasi kwa mtu, muulize kwanza kama alizipulizia dawa ya kuua magugu.

## 8. Mwagilia asubuhi jua likishapanda

Ukibadilisha jambo moja tu mwaka huu, badilisha hili.

Tumezoea kumwagilia jioni, na kwa watu wa Pwani ni sawa. Huku, jani lililolowa saa kumi na mbili jioni mwezi Juni litabaki limelowa hadi saa tatu asubuhi. Hayo ni masaa 15 ya kualika ukungu, pamoja na baridi juu yake. Mwagilia kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Elekeza maji kwenye udongo, si kwenye majani.

Usimwagilie kwa kalenda. Sogeza matandazo, chomeka kidole hadi kifundo cha pili. Kikitoka na udongo ulioganda, subiri kesho. Kikitoka kisafi, leta ndoo. Wakati wa baridi mmea unakunywa kidogo, na mizizi iliyozama kwenye tope baridi inaoza huku majani yakinyauka, ndipo mtu anaongeza maji akidhani ni kiu.

Kila wiki mbili ipe mimea uji wa samadi: jaza samadi kwenye kiroba, funga, izamishe kwenye pipa kwa siku 10, kisha punguza kwa maji hadi rangi iwe ya chai isiyokolea. Lita moja kwa kila kabichi, chini kwenye udongo. Saladi na giligilani zinazoliwa mbichi usizipe.

## 9. Usiku wa sakitu

Mbeya mjini unaweza kupita mwaka bila kuiona. Njombe, Makete, Mufindi na mabonde yaliyoinuka, itegemee kati ya Juni na Agosti. Wengine tunaiita barafu tu: asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe kama zimenyunyiziwa chumvi, na ukizikanyaga zinalia.

Haiji usiku wa mawingu wala wa upepo. Ukitoka nje saa mbili usiku ukakuta anga safi kabisa, nyota zimejaa, hakuna jani linalotikisika, na pumzi yako inafuka moshi, funika.

Choma fito kuzunguka kitanda, tandaza viroba au mashuka juu yake yasiguse majani. Yakigusa, baridi inapita moja kwa moja. Plastiki tupu ndiyo mbaya zaidi kwa hilo. Asubuhi, jua likipiga, funua, vinginevyo mimea inachemka mchana. Udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu, hivyo siku unayoishuku hakikisha kitanda kilipata maji asubuhi.

Jani likishaungua, likaonekana kama limechemshwa, usilikate siku hiyo. Subiri wiki. Moyo wa sukuma wiki mara nyingi uko hai, na majani yaliyokufa yanaukinga.

## 10. Wadudu wa kipupwe

Habari njema ni kwamba wengi wamelala. Anayebaki macho ni kidukari, wale wa kijivu wanaojibana chini ya majani ya kabichi kama unga uliomwagika. Pitia kila Jumamosi, geuza majani, kundi dogo lisage kwa kidole gumba. Wakizidi, kijiko kidogo cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita moja ya maji, nyunyizia chini ya majani asubuhi, suuza kwa maji safi baada ya saa moja. Ukiona wadudu wadogo wa mviringo wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, au viluwiluwi vyao vyeusi, usiwaguse. Wanakula vidukari kuliko wewe unavyoweza kuua.

## 11. Weka benchi, chuma kidogo kidogo

Nilikuahidi. Weka benchi mahali jua la saa tatu asubuhi linapofika, mgongo ukiegemea ukuta. Ukinywa chai hapo kila siku utaona mche ulionyauka siku ya kwanza badala ya siku ya tano. Mwenye bustani anayepita mbio kwenda kazini huwa hajui kinachoendelea hadi kimeharibika.

Kama una mpichesi, kipupwe ndicho kinachouvua majani. Usidhani unakufa. Julai, kabla maua hayajafunguka, kata matawi makavu na yanayosuguana. Majani yake makavu ni matandazo.

Sukuma wiki chuma majani ya chini, mawili matatu kwa kila mche, ukiacha yasiyopungua sita juu. Kipupwe majani hurudi polepole, kwa hiyo ukikwangua yote siku wageni walipokuja, utakaa wiki tatu bila mboga. Karoti zako za Aprili zitakuwa tayari Agosti. Fukua kidogo pembeni ya shingo, ukiona bega pana kama sarafu, ng'oa moja, ipanguse kwenye suruali, onja hapohapo. Zilizobaki ziache ardhini, ndilo stoo bora, uchume za siku hiyo tu.

Kuanzia Mei 15 usisie kitu kipya kwenye kitalu. Mbegu ya Juni na mbegu ya Agosti huvunwa karibu wakati mmoja, ila ya Juni imekunywa ndoo za ziada. Mwishoni mwa Agosti, upepo wa vumbi ukianza kuvuma Mbeya na asubuhi unaweza kutoka bila sweta, sogeza kitalu kiwe nyuma ya kizuizi cha upepo, changanya udongo uleule wa sehemu mbili, moja na moja. Kisha nenda kabatini ukatoe ile pakiti ya nyanya.